“Mbona Alikubali Mwenyewe?”



Ukikaa Temeke au Kinondoni muda wa kutosha, utaisikia sentensi hii: “Mbona alikubali mwenyewe?” Wanaoisema si watu wabaya. Ni mama mwenye nyumba, ni mjumbe wa shina, ni askari aliyechoka na zamu ya usiku, na wakati mwingine ni baba mzazi wa binti. Binti wa miaka 16 ameletwa kutoka Singida kwa ahadi ya kufundishwa ushonaji. Cherehani hajaiona. Anahudumia vinywaji kwenye baa moja huko Mbagala, na usiku analala kwenye chumba ambacho ufunguo wake anao mtu mwingine, na wanaoingia chumbani humo hakuwaita yeye. Lakini basi alilipanda kwa miguu yake, hakufungwa kamba. Kwa hiyo alikubali mwenyewe, na mazungumzo yanaishia hapo.

Nataka kuandika juu ya sentensi hiyo, na juu ya mawakili na watetezi vijana walioamua kwamba kuipinga ndiyo itakuwa kazi ya maisha yao. Mimi nasoma falsafa, si sheria, na mwanasheria atakayesoma hapa anivumilie nikiyaeleza ya kwake kwa lugha ya seminarini. Ila swali la ridhaa ni la kwetu pia. Darasani tunalisoma kwa Aristotle na kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino; tukitoka nje ya geti tunalikuta limejifunga kanga na linamsubiri mtu stendi.

Tuanze na sheria, maana wengi wetu tunaielewa vibaya. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki ya kuzuia biashara ya watu, ile inayoitwa Itifaki ya Palermo. Tanzania iliiridhia, na mwaka 2008 Bunge letu likatunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Neno “usafirishaji” linatupotosha. Tukilisikia tunafikiria mipaka, meli za usiku na pasipoti bandia. Itifaki inaangalia jambo tofauti: mtu ametafutwa, amesafirishwa, amehifadhiwa au amepokewa, njia iliyotumika ni nguvu, vitisho, ulaghai, au kuutumia unyonge wake, au kumlipa mtu mwenye mamlaka juu yake, na kusudi ni kumnyonya, iwe kwa ukahaba, kwa kazi ya kulazimishwa au kwa utumwa wa namna nyingine. Hakuna mpaka wa nchi unaohitajika. Kutoka Dodoma hadi Tandika kunatosha. Zikishatumika njia hizo, itifaki inasema wazi kwamba ridhaa ya aliyenyonywa haihesabiki. Akiwa mtoto, yaani hajafikisha miaka 18, hata hizo njia hazihitaji kuthibitishwa.

Kwa hiyo kwenye karatasi, “alikubali mwenyewe” ilishakufa zamani. Mtaani ni nzima kabisa.

Jinsi mambo yanavyokwenda, wengi wenu mnajua kuliko mimi. Anayemfuata binti kijijini si mgeni mwenye miwani myeusi. Ni shangazi, ni jirani aliyehamia mjini, ni mama anayeheshimika anayerudi Krismasi na zawadi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ahadi hazibadiliki sana: utasomeshwa, utafungua saluni, utauza duka la nguo Kariakoo. Mzazi anafurahi, na mara nyingi anaachiwa hela kidogo ya sukari. Zamani mabasi ya mikoani yalimshusha Ubungo; tangu mwaka 2021 anashukia Stendi ya Magufuli, Mbezi, na wa kusini anashukia Mbagala. Pale anapokewa. Nauli aliyolipiwa inageuka deni. Simu, kama anayo, “inatunzwa”. Mshahara nao “unatunzwa”. Siku akiuliza habari za cherehani anaambiwa subiri.

Wengi hawapelekwi baa. Wanapelekwa majumbani, kuwa dada wa kazi, na niseme wazi kwamba si kila dada wa kazi amesafirishwa kiharamu. Kazi ya ndani ni kazi ya heshima na imesomesha wadogo zao wengi. Lakini mashirika yaliyokaa karibu na mabinti hawa, kama KIWOHEDE lililoanzishwa na Justa Mwaituka pale Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1990, yametueleza kwa muda mrefu kwamba njia ya kwenda kwenye ukahaba mara nyingi hupitia nyumbani kwa watu wa kawaida. Binti anapigwa, au halipwi, au baba mwenye nyumba anamwingilia usiku, anatoroka, hajui nauli ya kurudi kwao ni kiasi gani wala ataipata wapi. Saa tatu usiku yupo kituo cha daladala. Atakayemsemesha kwanza ndiye atakayeamua maisha yake, na anayesemesha mabinti saa hiyo kituoni kwa kawaida si katekista.

Kuna pia njia ya Ghuba. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Kitanzania waliokwenda kufanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu. Walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi bila siku ya kupumzika, kupunjwa au kunyimwa mishahara, na baadhi yao kutendewa ukatili wa kingono. Wengi walikwenda kwa hiari, kwa kutafuta riziki. Nao tukawaambia hivyo hivyo.

Sasa tuje kwa wakili kijana. Kuna picha tuliyoipata kwenye filamu: kajoho keusi, sauti kali, “mheshimiwa, napinga!” Kwenye kesi hizi picha hiyo inasaidia kidogo sana, kwa sababu kesi ya jinai ni ya Jamhuri na inaendeshwa na waendesha mashtaka wa Serikali. Wakili wa shirika la msaada wa kisheria haongozi mashtaka. Kazi yake iko kabla ya mahakama, baada ya mahakama na pembeni ya mahakama, na haina makofi.

Anampeleka binti Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, akihakikisha maelezo yanaandikwa alivyosema yeye, si kama mwandishi alivyofikiri. Anafuatilia PF3 ili hospitali impime mapema, maana ushahidi wa mwili haungoji. Anamtafuta ofisa ustawi wa jamii. Anatafuta nyumba salama, na nyumba salama ni chache. Halafu linakuja suala la umri. Mshtakiwa atasema alidhani ana miaka 20. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Mama yuko kijijini na simu haishiki. Kila wiki inayopita bila umri kuthibitishwa ni wiki ya faida kwa dalali.

Na kubwa kuliko yote, anamlinda shahidi asipotee. Kesi inaahirishwa leo, inaahirishwa mwezi ujao. Binti amekaa nyumba salama anamkumbuka mdogo wake. Kule kijijini dalali amemfuata baba: tumalizane kifamilia, mzee, mambo ya mahakama ya nini? Baba anapokea kitu, binti anarudishwa, siku ya kesi shahidi hayupo, na faili linafungwa. Yule mama wa zawadi za Krismasi anarudi kwenye biashara yake, safari hii akiwa na uzoefu. Kwa wakili wa kazi hii ushindi mara nyingi ni jambo dogo lisilopigwa picha: nauli ya kwenda na kurudi Singida imepatikana, na shahidi amefika.

Ukumbuke kijana huyu amefikaje hapo. Amesoma shahada ya sheria kwa miaka mingi, kisha Shule ya Sheria, ambako mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka kusikia kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja. Akishaapishwa na Jaji Mkuu, ukoo mzima unasubiri: “wakili wetu”. Kesi za viwanja zinalipa. Mikataba ya kampuni inalipa. Binti mwenye begi moja halipi. Kuna siku nimewaza kwamba sisi mafrateri tunasifiwa sana kwa sadaka ya maisha yetu, wakati chakula chetu kipo mezani saa saba kamili. Yeye kodi ya chumba chake Sinza haimngojei.

Nitaje wawili ambao kazi yao inajulikana hadharani.

Angela Benedicto hakuanza kama mwanasheria. Alianza kama mfanyakazi wa ndani akiwa binti mdogo, na kutoka humo akaanzisha Mwanza shirika la WoteSawa, linalowatetea watoto wanaofanya kazi majumbani. Jina la shirika lake ni hoja nzima ya falsafa katika neno moja. Ninachokipenda katika kazi yake ni kwamba aliyepitia jikoni huuliza maswali ambayo sisi hatuyafikirii. Sisi tunauliza, “Kwa nini hukukataa?” Yeye anajua kuuliza, “Ulikuwa unalala wapi? Mlango ulifungwa kwa nani?”

Rebeca Gyumi ni mwanasheria, na kesi yake haikuwa ya biashara ya watu moja kwa moja, ila iligusa mzizi ule ule. Mwaka 2016, akiwa bado hajatimiza miaka 30, alikwenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam, kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Vifungu hivyo vilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, huku mvulana akisubiri 18. Angalieni vizuri: ridhaa ilikuwepo. Ilikuwa ya mtu mwingine. Na Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ilisema kumwingilia msichana chini ya miaka 18 ni kubaka hata akikubali, isipokuwa akiwa mke wa miaka 15 au zaidi. Yaani jambo lile lile, kwa binti yule yule, lilibadilika jina baada ya mahari.

Mahakama Kuu ilikubaliana naye Julai 2016. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Bunge lilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka ukaisha na vifungu vikabaki vilevile kitabuni. Hilo nalo ni fundisho kwa kijana anayeanza kazi hii: unaweza kushinda mara mbili na bado ukaendelea kusubiri. Nasi tusijitape kanisani. Kanuni ya 1083 ya Sheria ya Kanisa bado inataja miaka 14 kwa msichana kama kikomo cha ndoa kuwa halali, ingawa inawaachia maaskofu wa nchi kuweka umri mkubwa zaidi wa kuruhusu kufungwa kwa ndoa.

Turudi kwenye sentensi yetu. Kwenye kitabu cha tatu cha maadili yake, Aristotle anatoa mfano wa nahodha aliye kwenye dhoruba anayetupa mizigo baharini ili kuokoa watu. Je, ametupa kwa hiari? Anasema kitendo hicho kimechanganyika: kwa saa ile nahodha amechagua kweli, mkono umetoka kwake, lakini hakuna mwenye akili timamu ambaye angetupa mizigo yake siku ya shwari. Mtakatifu Thoma anaupokea mfano huo na kuuchambua zaidi. Tukiusoma darasani, wengi hufikiri ni swali la mtihani tu. Mimi naona ni maelezo ya binti wa Singida. Nyumbani mvua imekataa, baba amefariki, mdogo ana sare iliyochanika. Anapanda basi. Amechagua? Ndiyo, na sitaki kumnyang'anya hata hilo, maana kuna watetezi wengine wanaomsema kama mzigo uliobebwa usio na akili. Alifikiri, akapima, akaamua, tena kwa ujasiri ambao mimi katika umri wake sikuwa nao.

Lakini hapo ndipo sentensi yetu inapoteleza. Nahodha kutupa mizigo hakumpi haki mtu aliyekaa ufukweni anayeiokota na kusema ni yake. Zaidi sana kama mtu huyo alikuwa anaifuatilia dhoruba ili ajue meli ipi itapita lini. Binti kukubali basi si kukubali baa. Kukubali baa si kukubali chumba. Kukubali chumba usiku wa kwanza, akiwa na deni la nauli na hana simu, si kukubali usiku wa mia moja.

Ndiyo maana nadhani tunaipima ridhaa mahali pasipo pake. Tunaipima siku ya kupanda basi. Ipimwe siku ya kutaka kuondoka. Je, anaweza kusema kesho naondoka, akapewa mshahara wake na simu yake, akatoka mlangoni mchana kweupe bila mtu kumfuata? Akiweza, basi yupo kwa hiari, hata kama kazi ni ngumu na nyumba ina kelele. Asipoweza, haijalishi aliingia akicheka. Kipimo hiki hakihitaji shahada, mjumbe anaweza kukitumia, na mama wa WAWATA anaweza kukitumia kwa nyumba ya jirani yake. Hata kwa wanawake watu wazima wa maeneo ya baa za Sinza na Kinondoni, ambao hukamatwa kwenye operesheni, hupakiwa kwenye magari na kupigwa picha wakijifunika nyuso, ningetaka swali la kwanza liwe hilo: ukitaka kuacha leo, nani atakuzuia? Mteja, kama kawaida, ameshatokea mlango wa nyuma.

Mtakatifu Josephine Bakhita anatupa mfano ulio wazi. Tunamjua kama mtumwa aliyetekwa utotoni huko Darfur, akauzwa na kuuzwa tena. Tunasahau kwamba alipofika Italia mwaka 1885 alikuwa, kwa lugha ya mtaani kwetu, dada wa kazi: alimlea mtoto wa familia ya Michieli. Hakuwa na mnyororo. Alivaa vizuri. Mtu angeweza kusema yupo kwa hiari, na huenda wengi walisema. Siku mama mwenye nyumba alipotaka kuondoka naye kurudi Sudan, Bakhita, aliyekuwa amewekwa kwa masista Wakanosa mjini Venezia, alikataa. Hapo ndipo ukweli ulipojulikana, pale alipotaka kubaki na mtu akasema huwezi. Masista walisimama naye, Patriaki wa Venezia aliingizwa, suala likafika kwa mwanasheria wa mfalme, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba ni mtu huru, kwa kuwa sheria ya Italia haikutambua utumwa. Yaani miaka yote aliyokaa Italia alikuwa huru kisheria. Hakukuwa na mtu aliyemwambia, mpaka hapo. Ukiniuliza kazi ya wakili kijana wa Temeke ni nini, nitakuonyesha siku hiyo.

Na kwetu hapa pwani jambo hili si geni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, miaka mitano kabla soko la watumwa la Zanzibar kufungwa. Wakristo wa kwanza wa misheni ile walikuwa kwa sehemu kubwa watoto waliokombolewa utumwani. Tunaadhimisha historia hiyo kwa haki. Lakini ukienda Bagamoyo kuhiji na ukatembea polepole, utajiuliza pia kuhusu watoto wale waliolimishwa mashamba ya misheni, wakaozwa wao kwa wao na kuwekwa kijijini: nani aliwauliza kama wanakubali? Silaumu waliotoa fedha yao kuwatoa sokoni. Nasema tu kwamba hata mwenye kukomboa anaweza kusahau kuuliza.

Sasa sisi wa leo. Likizo niliyokuwa kwenye uchungaji katika parokia moja ya Temeke, nilishiriki sala za jumuiya ndogo ndogo karibu kila wiki. Jambo moja lilinikaa. Daftari la jumuiya lina majina ya kaya zote: baba, mama, watoto, hata bibi aliyekuja kutibiwa. Dada wa kazi hayumo. Wakati sisi tunasali sebuleni yeye yuko uani anachemsha chai yetu. Nilipouliza jina lake kwenye nyumba moja niliambiwa “Dada”. Jina la ubatizo? Mama mwenye nyumba akaita kuelekea jikoni: “Wewe dada, unaitwa nani kanisani?” Alikuwa ameishi hapo mwaka na nusu.

Simsemi mama huyo kwamba ni mhalifu. Alimlisha, hakumpiga. Lakini mtu asiye na jina nyumbani mwako hata dalali akimchukua kesho hutajua umwambie nini polisi. Na kuna sheria ambazo wengi wetu tunazivunja tukiwa na rozari mkononi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kuanzia umri huo anaweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Kuamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tano usiku siyo kazi nyepesi. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Ni kidogo. Wapo wasioifikia hiyo kidogo, na wapo wanaomlipa shangazi aliyemleta badala ya kumlipa yeye, na kwa kipimo nilichotaja hapo juu hilo la pili linanitia hofu zaidi.

Najua jibu, nimelisikia hata kutoka kwa ndugu zangu: “Frateri, kwao angekufa njaa, sisi tumemsaidia.” Mara nyingine ni kweli, na ni msaada. Basi na iwe hivyo: mlipe mkononi au kwenye simu yake mwenyewe, aachiwe simu hiyo, awe na Jumapili yake, aandikwe kwenye daftari la jumuiya kwa majina yote mawili, na aijue namba 116 ya kuwasaidia watoto. Aliyesaidiwa kweli hapungukiwi na chochote kwa kujua njia ya kutokea. Kumbukeni pia Yosefu wa kitabu cha Mwanzo. Aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha, akawa mtumishi wa ndani kwa Potifa, akamkataa mke wa bosi wake, na kwa sababu hiyo akasingiziwa na kufungwa. Nyumbani mwa Potifa hakuna aliyeuliza upande wake. Binti akisema jambo kuhusu baba mwenye nyumba, jumuiya yenu ina mtu wa kumsikiliza ambaye si rafiki wa baba huyo?

Kwa mafrateri wenzangu nina jambo moja dogo la ofisini. Nilisema suala la umri huziua kesi. Mahakama inaweza kupokea ushahidi wa umri kutoka kwa mzazi, ndugu, daktari au cheti cha kuzaliwa. Cheti kisipokuwepo, mtu wa kwanza anayeweza kutuelekeza kwenye tarehe mara nyingi ni sisi, kwa sababu tuna daftari la ubatizo. Parokia za Singida, Iringa na Kagera zina madaftari hayo kwenye kabati, yameandikwa kwa mkono wa mapadre waliokwisha kufariki, na majina ya mama na msimamizi yamo. Wakili kijana wa Dar es Salaam akiandika barua kuomba taarifa za binti fulani, barua hiyo hukaa juu ya meza chini ya bahasha za mchango wa mavuno mpaka Paroko arudi kutoka kigangoni. Siku moja tutakuwa maparoko sisi, na barua hizo zitakuja kwetu. Wiki mbili za kuchelewa zinamtosha dalali kufika kwa baba yake na kumalizana. Ijibiwe siku ile ile, kwa simu kwanza, nakala ifuate na basi la usiku.